Fisi Niliyemmalizia kwa Mkaa

Mjukuu wangu Neema ameniambia niiandike habari hii mwenyewe, maana kila anayeisimulia hapa Nyakitonto anaongeza chumvi, na juzi kuna mmoja amefikia kusema nilichora fisi mwenye hereni. Hereni sikuchora. Mengine yote ni kweli na aibu yake ninayo mpaka leo, kwa sababu watoto wakiniona njiani wanajipaka masizi mdomoni na kupita wakichechemea kama fisi, na mimi ambaye hata watu wazima wananiogopa hapa kijijini nashindwa kuwakaripia, kicheko kinanibana.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tatu. Kuna shirika lilikuwa linatafuta hadithi za wazee liziweke kwenye vitabu vya picha vya watoto, wa huku vijijini na wa kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wakafika kwangu, nikawapa hadithi ya mbuzi wanaopotea. Ni hadithi aliyonisimulia mama yangu. Kila asubuhi zizini anakosekana mbuzi mmoja, baba anamshuku jirani, mama anamshuku baba (kwamba anawauza akanywe pombe), nyumba nzima wanagombana, kumbe mwizi ni fisi anayejificha humo humo kwao, na anayekuja kumgundua mwishoni ni binti yao mdogo.

Kazi ya kuichora wakampa kijana mmoja Mkongo wa kambini, jina lake Bahati, mwembamba, mpole, anaongea kama anayeomba radhi. Wakamwambia picha zikiwapendeza wageni siku ya kusomewa watoto, kitabu kitachapwa na yeye atapewa kazi ya kuchora vingine, zisipowapendeza atarudi kuuza vipande vya sabuni sokoni kambini. Hilo alinieleza mwenyewe na nililisikia vizuri, nisije nikasingizia kwamba sikujua.

Alikuja siku moja kabla, kibali cha kutoka kambini mfukoni, picha kazifunga kwenye nailoni. Kwa katekista, alikopangiwa kulala, bati linavuja, akaniomba picha zilale kwangu. Nikazitandaza kitandani nikazitazama moja moja. Rangi safi, mbuzi unaweza kuwakamua. Lakini fisi yuko wapi? Picha ya kwanza, mkia umechungulia nyuma ya kihenge cha nafaka. Ya pili, mkia nyuma ya mtungi wa pombe. Ya tatu baba na mama wamelala, chini ya kitanda mkia. Mkia, mkia, mkia, mpaka picha ya mwisho ndiyo unamwona mzima.

"Bahati," nikamwambia, "huyu fisi mbona hujammaliza?"

"Koko," akasema (ndivyo wao wanavyomwita bibi), "ile nilifanya makusudi, juu ya batoto..."

"Rangi ilikwisha?"

"Hapana, koko, rangi iko. Ni vile mutoto anapaswa..."

"Nenda ukale, mwanangu, una njaa."

Nilimkatiza, ndiyo. Kwangu mimi kazi haiachwi nusu, ukilima tuta mpaka katikati ukaondoka nitakufuata hadi kwenu. Nikajiambia mtoto wa watu amechoka, wageni wakiona mikia mitupu watasema ni mvivu, atakosa kazi, na mimi nipo hapa nina mikono miwili na jikoni kuna mkaa. Nilifanya kwa huruma. (Na kidogo kwa kiburi, maana hadithi ni yangu na fisi ni wangu.)

Basi nikachagua kipande cha mkaa chenye ncha, nikakaa dirishani palipokuwa na mwanga, nikaanza. Nawaambieni, kuchora si kama kunavyoonekana. Ule mkia wa kwanza uko nyuma ya kihenge, sasa ukimchora fisi nyuma ya kihenge ataonekanaje? Haonekani. Nikamleta mbele, akawa mkubwa kuliko kihenge chenyewe, akawa na miguu mitano, kwa sababu mmoja niliukosea na mkaa ukiufuta kwa kidole ndiyo kwanza unatanuka. Nilipotaabika zaidi ni kwenye picha ya kitanda. Uvunguni fisi mzima haenei, nikaona nisimbane, nikampandisha juu, na kichwa nikakilaza pale palipokuwa na nafasi, katikati ya baba na mama. Nikasogea nyuma nikatazama. Nikaridhika kabisa, nikala, nikalala usingizi mzuri.

Kesho yake darasa lilijaa mpaka madirishani. Alikuwepo afisa elimu wa kata, mtu ambaye hacheki hata harusini, alikuwepo katekista, na mbele kabisa amekaa mama wa shirika na miwani yake. Mimi nimevaa kitambaa changu cheupe cha kichwani, cha kanisani. Bahati akanyoosha mkono apokee picha, nikamwambia kaa chini, nitashika mwenyewe, hadithi ya kwangu. Nikaiinua ya kwanza kifuani, sura yake ikiwa kwa watoto.

"Hapo zamani," nikaanza, "mbuzi walikuwa wakipotea, na hakuna aliyejua nani anawachukua."

"Fisi," wakasema watoto.

"Nyamazeni. Hakuna aliyejua."

"Fisi, bibi, huyo hapo."

"Nimesema hakuna fisi." (Nasema hakuna fisi, na nimemshika kifuani, ana miguu mitano.) "Baba akasema, mwizi ni jirani."

Hapo wakasimama. Wengine wanamwonea huruma jirani, wanamwambia baba wa kwenye picha kabisa, "Baba, geuka nyuma, anakula mbuzi wako," mmoja anauliza mbona ni ng'ombe, mwenzake anamwambia si ng'ombe, ng'ombe hana meno ya vile, ni mbuzi aliyerogwa. Nikapiga meza. Nilivyo mkali, mahali pengine wangetulia, lakini siku ile walikuwa na haki yao na walijua. Bahati alinyanyuka aone, akaona, akakaa taratibu kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Ningeacha pale. Sikuacha. Nikainua picha ya kitanda.

Watoto wakasogea mbele waione vizuri. Na kabla sijasema neno mjukuu wangu mwenyewe, Neema, niliyemchana nywele asubuhi ile ile, akanyoosha mkono kwa adabu zote.

"Bibi, kwa nini fisi analala na baba na mama?"

Sitaeleza kelele zilizofuata. Katekista alitoka nje. Mama wa shirika peke yake ndiye ambaye hakucheka, alivua miwani akaivaa tena, akamgeukia Bahati. "Kijana, hiki ulichotuletea ni nini?"

Bahati akanitazama mimi, akatazama sakafu. "Ni mimi nilikosea, mama," akasema. "Unisamehe."

Hapo ndipo mwili wangu ulipopata moto. Mtoto wa watu ameiacha kazi yake izikwe mbele ya wageni ili bibi mzee asiaibike, na Jumatatu atakuwa sokoni na vipande vya sabuni. Nikataka kusema neno, jasho likanitoka, nikachukua ncha ya kitambaa nikajipangusa paji la uso, mashavu, mdomo, nikajipangusa vizuri.

"Bibi," akasema Neema, "na wewe umeota ndevu."

Mkaa ulikuwa umehamia mikononi kutoka kwenye zile picha, kutoka mikononi ukaenda kwenye kitambaa, na kitambaa nimekipitisha uso mzima. Afisa elimu alilala juu ya dawati, mabega yanatikisika, analia. Mama wa shirika akatazama picha, akatazama viganja vyangu, akatazama uso wangu.

"Bibi, nani alimchora huyu fisi?"

"Mkaa," nikasema. (Sijui kwa nini nilijibu hivyo.) "Mkaa wangu. Yeye alichora mkia tu, nikadhani hakumaliza."

Bahati akaomba ugali. Watu wakadhani ana njaa, kumbe anataka bonge la ugali wa muhogo uliolala, Neema akakimbilia nyumbani akaleta. Akafinyanga tonge, akawa analibandika juu ya mkaa na kulibandua polepole, na fisi wangu akawa anahamia kwenye ugali mguu baada ya mguu, mpaka ukabaki mkia na kivuli hafifu. Huku anabandua anasema, sauti ile ile ya kuomba radhi: "Mutoto asiyejua kusoma, koko, mukia ndo unamusomea. Baba hajui, mama hajui, yeye anajua. Ukimuonesha fisi muzima, umemunyang'anya."

Mama wa shirika akasema zijaribiwe upya kwa wadogo wa zamu ya mchana, ambao hawakuwepo. Safari hii Bahati akashika picha, mimi nikasimulia tu, uso umeoshwa. Nikasema baba alimshuku jirani. Kimya. Nikasema mama alimshuku baba. Kimya, halafu katoto kamoja ka mbele kakamgusa mwenzake kiwiko, kakaonesha kwa kidole. Mwenzake akaziba mdomo. Mnong'ono ukatambaa safu hadi safu, wote wameziba midomo, macho yamewatoka, wanamfichia siri fisi. Nami nilitamani kuwaambia, ndiye, ndiye huyo, nikaing'ata ncha ya kitambaa mpaka picha ya mwisho. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kunyamaza.

Mama wa shirika alifunga mkoba wake. "Bahati, kibali chako kinaisha lini?"

"Kesho, mama."

"Tutakuombea kingine kirefu. Kazi ni nyingi."

Kitabu kilikuja baadaye, nakala moja ya kwangu. Nimeapa sitatia mkono wangu kwenye mchoro wa mtu tena, hata akiacha jicho moja halijachorwa. Kiapo hicho nilikuwa nacho tayari siku Neema alipokifunua kitabu kwenye picha ya kitanda, akakisogeza karibu na macho, akaanza kucheka peke yake. Pale dirishani, pembeni, pana kikongwe anachungulia, kitambaa cheupe kichwani, ndevu nyeusi. Ni nusu tu, nusu yake nyingine iko nyuma ya ukuta.

Mkono uliniwasha. Nikamwacha hivyo hivyo.