Siku Shangazi Alipoingia Darasani

Siku ile darasani tulikuwepo mie, Mwanahawa binti Shomari. Asha Kibwana, niliyekuwa nakaa naye dawati moja na nyumba zetu zikitazamana pale Temeke. Ramadhani, mtoto wa mjomba wangu, mtundu hana mfano. Mwalimu Elifuraha, Mpare aliyeletwa kwetu kutoka milimani. Na shangazi yangu Bi Mwanaisha, dada yake baba, tumbo moja. Wengine pia walikuwepo, na majina yao ninayo yote, lakini nikianza kuyataja tutakesha.

Nyie wa rika langu mnaijua Temeke ya enzi ya Mwingereza. Mikorosho, nyumba za makuti, mchanga unaounguza nyayo mchana. Asubuhi tunakwenda shule na kipande cha muhogo wa kuchoma mkononi. Kipande cha reli kikigongwa tunatimua mbio, maana kuchelewa ni fimbo. Mchana chuoni kwa Maalim kusoma Kurani, jioni kucheza rede na kombolela mpaka mama aite: "Wee Mwanahawa! Osha hiyo miguu, hulali na mchanga kwenye mkeka wangu!"

Kiingereza kilitukuta darasa la nne, na Mwalimu Elifuraha alikuwa na namna yake ya kukifundisha. Sentensi za kupeana, kama "Ali gave Asha an orange", hakuzieleza kwa maneno mengi. Alisimamisha watoto wawili mbele, mmoja anatoa chungwa, mwenzake analipokea, kisha anatugeukia: "Katoa nini? Kampa nani?" Jibu la kwanza analipigia mstari mmoja ubaoni, la pili mistari miwili. Wajukuu zangu wananiambia siku hizi vitu hivyo vina majina, yambwa tendwa na yambwa tendewa. Sie tulijua "nini" na "nani" tu, na maswali tulipata yote.

Taabu ilikuwa Ramadhani. Kila akisimama kupokea, chungwa linamenywa na kuliwa kabla sentensi haijafika mwisho. Mwalimu alipochoka kununua machungwa akasema basi, kuanzia leo kitu kitakuwa mtoto. Akachagua mwepesi kuliko wote, ndiye mie. Nakaa kwenye kigoda, mtoaji ananishika mkono, ananikabidhi kwa mpokeaji. Sheria ilikuwa moja: "Kitu hakisemi!" Nikicheka tunaanza upya. Tukirudi nyumbani Ramadhani ananifuata nyuma: "Chungwa wee! Nani kakumenya leo?" Nami namgeukia: "Nenda huko, mlafi, tumbo kama ngoma!"

Mwaka huohuo Shangazi akafiwa na mumewe. Alikuwa akiishi Mbwamaji, ng'ambo ya kivuko cha Magogoni, na Mungu hakumjaalia mtoto. Eda ilipokwisha akaja kwetu, akakaa barazani, akamwambia baba: "Kaka, mle ndani nasikia pumzi zangu mwenyewe. Nipe mmoja."

Baba hakufikiri sana, alikuwa na mabinti watano. "Mchukue Mwanahawa," akasema. Mie nilikuwa palepale, nachagua mchele kwenye ungo. Hakuna aliyenitazama. Wala haukuwa ubaya, mnajua wenyewe. Mtoto anapewa shangazi, anapewa bibi, na ni heshima. Lakini jioni ile mama alinisuka nywele, akazifumua, akanisuka tena, akazifumua tena. Mie nikawa nawaza: kule Mbwamaji hakuna shule inayopokea wasichana, mtihani wa darasa la nne bado miezi mitatu, na Asha atakaa dawatini na nani?

Alhamisi Shangazi akaja kunichukua shuleni, ili tuwahi kuvuka jua halijawa kali. Alisimama mlangoni, kanga mbili mwilini na furushi kichwani. Mwalimu akamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimemfuata mtoto."

"Tumalizie somo kidogo tu, mama." Akamletea kiti, lakini Shangazi hakukaa.

Somo lenyewe lilikuwa kila mtu atunge sentensi yake ya kupeana. Asha alimpa mama yake ndoo. Ramadhani, kama kawaida, alijipa kuku mzima. Zamu yangu ilipofika nikasimama nikasema: "My father gave my aunt Mwanahawa."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Katoa nini?" Nikaweka mkono kifuani. "Kampa nani?" Nikanyoosha mkono mlangoni. Kicheko kikaisha.

"Kasema nini mtoto?" Shangazi akauliza.

Mwalimu akamfasiria. Akaiandika sentensi yangu ubaoni, akamwonyesha na mistari: baba ndiye mtoaji, wewe mama ndiye unayepewa, na yeye pale ndiye kitu kinachotolewa.

Shangazi akautazama ubao utadhani anasoma, na herufi hata moja hakuijua. "Na hicho kitu," akasema, "hakiulizwi?"

Mwalimu akajifuta chaki vidoleni. "Hapana, mama. Huwa hakisemi."

"Mh! Na sie hatukumuuliza."

Akatua furushi, akavua ndara, akaingia darasani. Mbele ya watoto wote akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Mtu mzima kuchuchumaa mbele ya mtoto, jamani, mmewahi kuona? "Mwanahawa, mwanangu, unataka kuja kukaa na mie?"

Nikamwambia nataka. Na kweli nilitaka, nilikuwa nampenda. Lakini nikamwomba anisubiri nimalize darasa la nne. Akanishika shavu, akabeba furushi lake, akaenda. Baba alipomuuliza mtoto yuko wapi, akamjibu: "Tumepatana mie naye. Nitamfuata shule ikifungwa." Baba akamaka: Kupatana na mtoto!

Miezi mitatu alisubiri katika nyumba ile yenye kimya. Nilifanya mtihani, nikafaulu, nikavuka naye. Masomo yangu yaliishia hapo, na uchungu wake sijaumaliza mpaka leo, sitawadanganya. Lakini nilimpata mama wa pili. Alinifundisha kusuka mikeka na kupika mkate wa kumimina, na siku yake ilipofika mie ndiye niliyemfumba macho.

Siku hizi watoto wanaulizwa kila kitu. Bibi, sitaki wali, nataka chipsi. Utavaa lipi, utasoma wapi, utalala kwa nani? Wanajibu "vyovyote" bila kuinua macho kwenye simu, na Kiingereza chao kinatiririka kama bomba bovu. Siwaonei kijicho, waulizwe tu. Ila wanaoulizwa kila siku hawajui uzito wake. Mie niliulizwa mara moja, na bado nauona uso ule ulivyokuwa karibu na wangu.

Basi kama nimechanganya, nyie mliokuwepo nisahihisheni. Ramadhani ametangulia mbele ya haki, lakini Asha yupo, na yeye anashikilia kwamba siku ile sikutamka neno, nililia tu nikaitikia kwa kichwa, na habari ya kumaliza darasa aliisema yeye kwa niaba yangu. Mie najisikia kabisa nikijibu kwa sauti. Aliyekuwa dawati la mbele anikumbushe: nilisema, au sikusema?