Daftari Zilizovaa Karatasi za Mkate

Karatasi ya mkate siku hizo ilipakwa nta, na ukiifungua ilitoa harufu tamu ya sukari na hamira iliyokaa kwenye vidole mpaka wakati wa kulala. Niliipenda kuliko harufu ya chakula chochote. Tulipanga chumba kimoja Majengo, mjini Nyeri, mama na mimi, miaka michache baada ya uhuru, na baba alikuwa Nanyuki kikazi, akija mwisho wa mwezi. Mama alishona sare kwenye karakana moja mjini. Alitoka kukiwa giza na kurudi kukiwa giza, na mahindi na maharagwe hayana huruma na mtu wa namna hiyo: yanataka kukaa jikoni masaa matatu. Basi jioni tulikula mkate na siagi ya kopo, biskuti, na maji yaliyokorogwa unga wa rangi ya machungwa. Mimi nilijiona mtoto wa tajiri.

Habari za mkate na biskuti zikafika kijijini Gakindu kwa nyanya yangu, mama yake baba, ambaye tulimwita cucu. Nilipewa jina lake, Wairimu, na kwetu mtoto ni wa yule aliyepewa jina lake. Hata baba aliniita maitu, yaani mama. Cucu akatuma neno kwamba Jumapili anakuja kuona ninavyolishwa, na asiporidhika ataondoka nami. Mama alipopata ujumbe huo alikaa kitandani, kanda ya kupimia ikiwa bado shingoni. Nilikuwa na miaka minane na sikutaka kutengana naye hata siku moja.

Jumamosi tulificha kila kitu. Kopo la unga wa kinywaji liliingia kwenye sanduku la nguo, biskuti zikaenda chini ya godoro, makombo yakafagiliwa mara mbili. Mama akapika sufuria kubwa ya githeri, mahindi na maharagwe, ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Akiuliza, sema tunakula githeri," akanionya. "Usiongeze kitu."

Cucu alifika baada ya ibada, mrefu, mkavu, kiondo mgongoni. Hakuketi. Alifunua sufuria, akanusa, akafunika. Akanikagua meno, akaniminya mkono kama mtu anayenunua mbuzi.

"Mnakula nini jioni?"

"Githeri, cucu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mama alikuwa akimimina chai, na nilisikia birika likigonga kikombe. Ndipo cucu akaketi, uso ukalegea kidogo. "Haya, leta vitabu yako ya shule nione kama jina yangu iko na akili."

Nikakimbilia daftari zangu kwa furaha ya kijinga. Nilikuwa nimeshamwekea magotini nilipoona nilichofanya. Zote sita nilikuwa nimezivalisha karatasi za mkate, kama watoto wengi wa Majengo, kwa sababu nta haipitishi mvua. Cucu hakujua kusoma, lakini karatasi ile aliijua. Duka la Gakindu liliuza mkate uleule. Akazigeuza moja moja, polepole, mpaka ya sita. Nikaanza kulia kabla hajasema lolote.

"Mama Wairimu," akasema, "ati githeri kila siku?"

Mama akaweka birika chini. "Maitu, natoka hapa saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa moja usiku. Nikianza kuchemsha mahindi saa hiyo, huyu analala njaa. Mkate iko tayari. Kama ni makosa, ni yangu. Lakini usininyang'anye mtoto."

Cucu akazipanga daftari tena magotini. Kisha akauliza, "Nani anapika hiyo mandazi nanusa tangu nifike?"

Alikuwa Mama Zainabu, jirani yetu, aliyeuza chai na mandazi, na moto wake uliwaka kutoka alfajiri hadi alasiri. Mama hakuwahi kumwomba chochote. Aliona haya kukiri kwamba kupika kumemshinda. Cucu akatoka bila kuaga. Tulimngoja bila kutazamana, na mimi nilikuwa nimeshika gauni la mama kwa mikono miwili.

Aliporudi hakuwa na maneno mengi. "Utamwachia sufuria asubuhi. Akimaliza mandazi yake, moto inapika yako, naye anachota bakuli moja, ndiyo malipo. Jumatano na Jumamosi. Hizo siku zingine, kula mkate yako." Akatazama kikombe chake. "Na biskuti mmeficha wapi? Mimi sinywi chai tupu."

Mama akainua godoro huku akicheka na kulia. Cucu alichovya biskuti tatu, akarudi Gakindu peke yake.

Sasa cucu ni mimi. Binti yangu anafanya kazi katika ofisi moja hapa Nyeri. Ana gesi na friji, lakini muda hana, kama mama. Wiki iliyopita nilibisha hodi nikasikia kabati likifungwa kwa kishindo. Nilimkuta ameliegemea, na mjukuu wangu ana chumvi ya viazi vya pakiti mdomoni. Nakiri hasira zilinipanda, na hotuba nilikuwa nayo tayari. Ila macho ya binti yangu niliyajua. Yalikuwa ya mama, siku ile ya daftari.

Nikaweka mezani githeri niliyoichemsha nyumbani, imegawanywa kwenye makopo matatu ya kuweka kwenye friji. Nikavuta kiti.

"Siku hizi unatoka kazini saa ngapi?" nikamwuliza.

Akaondoka mlangoni mwa kabati, akaketi, akaanza kulia.