Walisaidia Kubeba Udongo

Kabla mambo hayajaharibika, watu wakigombana ni mimi nilikuwa naitwa. Si kanisani wala nyumbani. Ni mtandaoni, kwenye ile kamusi elezo ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuandika, na yeyote mwingine anaweza kufuta alichoandika. Sikuwa na cheo chochote. Nilimaliza kidato cha nne na gredi ambayo nyumbani haitajwi mbele ya wageni, mjomba akaniachia kibanda chake pale soko la Mutomo, nikawa nachaji simu za watu na kuuza nyaya. Lakini nilikuwa na ndoto nyingi na muda mwingi, na nilipenda watu. Wawili wakianza kufutiana, huyu akisema kijiji fulani kiko Kitui na yule akiapa kiko Makueni, naingia ukurasa wa majadiliano, naweka kile kiuso kinachocheka, naandika: "Wapendwa, mbuzi wa pale wanalala Kitui na kula Makueni. Si tuseme kiko mpakani?" Wanacheka, wanatulia. Siku kama hiyo nilikuwa nafunga kibanda nikiimba.

Kazi hiyo nilifundishwa Kitui mjini, kwenye mafunzo ya wachangiaji. Tulipewa chai, fulana na bando. Aliyeketi kando yangu alikuwa kijana wa mji wa Salama, mwenye duka la kupiga picha za kitambulisho karibu na barabara kuu. Yeye alikuwa ameandika miaka. Ndiye aliyenionyesha namna ya kuweka rejea, ile namba ndogo inayomwambia msomaji habari imetoka kitabu gani.

"Siz, hapa neno bila rejea ni udaku," aliniambia.

"Hata kama nimeona kwa macho yangu?"

"Hasa hasa kama umeona kwa macho yako!"

Tulicheka mpaka mwalimu akatutazama. Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki. Mwaka mmoja alikuja kwetu kupiga picha za makala zake, akala muthokoi wa nyanya yangu, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, akaongeza sahani, akapelekwa kuonyeshwa silanga.

Silanga ndilo jina letu la bwawa la udongo linalokinga maji ya mvua. Letu ni kubwa. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wanatoka mbali kuja kunywa hapo, na kichwa cha mtu anayesimama chini kwenye tope hakifiki hata nusu ya ukuta. Ule ukuta uliinuliwa na wanawake. Nyanya yangu, aliyenilea, alikuwa mmoja wao. Walichimba kwa jembe, wakabeba kwa karai na magunia, msimu mmoja baada ya mwingine, kwa mwethya: kikundi kinaitwa, kila nyumba inatoa mtu, mnafanya kazi ya wote bila malipo. Kulikuwa na mama mwenye firimbi. Akipuliza asubuhi, unatoka. Usipotoka, wenzako wanakuja kwako wakiimba, wanaingia jikoni, wanaondoka na sufuria yako. Utarudishiwa ukishafanya kazi uliyokwepa.

"Yangu ilichukuliwa mara moja tu," nyanya alikuwa akisema. "Nilikuwa nimejifungua mama yako. Kitovu hakijakauka. Kumbe aliyetumwa kuja kuniangalia hakuwaambia wenzake. Nikasikia nyimbo mlangoni. Nikafunga mtoto mgongoni nikaifuata sufuria yangu silangani."

"Hukukasirika, Susu?" Ndivyo tunavyowaita nyanya kwetu.

"Nikasirike na nani? Hata mimi nilishawahi kubeba za wengine."

Kwa hiyo nilipoandika ukurasa wa silanga yetu, niliandika kwamba ilichimbwa kwa mikono na wanawake wa mwethya. Sentensi moja. Nikamsomea, maana hakwenda shule. Akaacha kupepeta mahindi.

"Soma tena."

Nikasoma.

"Na mtu wa Nairobi anaweza kuiona hiyo?"

"Mtu wa popote, Susu."

Jioni hiyo alizunguka nyumba za wenzake wote waliobaki, akinivuta mkono, nikisoma sentensi hiyo moja kila kizingiti. Mama mwenye firimbi, ambaye alikuwa kitandani na miguu imevimba, alinisikiliza akiwa amefumba macho. Halafu akasema, "Sawa. Sasa hata nikienda, imebaki." Sijawahi kufurahi hivyo. Nilijiona mwandishi kabisa.

Haikuchukua muda, sentensi ikawa imebadilika. Sasa bwawa lilikuwa limejengwa na kanisa, chini ya uongozi wa mchungaji mmoja wa zamani na wafadhili wake, na mwisho wa sentensi kukawa na ile namba ndogo. Rejea. Nilipoangalia nani amebadilisha, ni rafiki yangu wa Salama.

Nikarudisha yangu, na kiuso kinachocheka. Akarudisha yake, bila kiuso. Nikarudisha. Akarudisha. Nikampigia simu.

"Siz, si mimi," alisema. Malori yalikuwa yanapita nyuma yake. "Ni kitabu. Kitabu cha jubilii ya kanisa, kimechapishwa, kina kurasa."

"Kiliandikwa na nani?"

"Kamati ya jubilii."

"Kamati ilichimba?"

"Kwani wewe ulichimba?"

"Lakini wewe umekula kwa aliyechimba! Uliongeza sahani!"

"Muthokoi si rejea, siz," alisema, na najua alitaka nicheke.

Akanitumia picha ya ukurasa wenyewe. Kulikuwa na mchungaji amesimama na kofia, ameshika kiuno. Nyuma yake migongo ya wanawake walioinama. Chini wameandika kwamba mchungaji anakagua kazi. Nikaikuza ile picha, nikampa nyanya simu. Akaisogeza mpaka ikagusa pua.

"Huyu wa leso ya mistari ni mimi," alisema. "Na mtoto huyo mgongoni ni mama yako." Akaitazama tena. "Mbona wamempiga yeye uso na sisi migongo?"

Kwenye kamusi elezo, wawili wakishindwana wanaita mtu wa tatu. Nimekuwa mtu wa tatu mara nyingi, najua lugha yake. Aliyekuja kutuamua alikuwa msimamizi wa mbali, sijui wa wapi, mpole kama daktari anayekuficha sindano. Alituomba tuache kufutiana. Akaomba kila upande ulete vyanzo vyake. Rafiki yangu alileta kitabu. Mimi niliandika kwamba chanzo changu kiko hai, sasa hivi kinakamua mbuzi. Msimamizi hakucheka. Alijibu kwamba kumbukumbu za mtu binafsi, hata ziwe za kugusa moyo, haziwezi kuthibitishwa.

Nyanya aliona uso wangu.

"Unazozana na nani kwenye hiyo simu?"

Nikamweleza.

"Na upande wako mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

Aliniangalia kama anayemwona mtu akivuta ng'ombe kutoka kisimani kwa uzi. "Kazi ya watu wote unaifanyaje peke yako? Kwa nini hukusema?"

Sikumzuia kuwaita wenzake, na sioni ningemzuia vipi. Kwetu ukielemewa unaita watu, na watu wanakuja. Jumapili baada ya ibada walikuja kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, wale mama waliobaki, wengine wameletwa kwa boda boda, kila mmoja na mjukuu wa kumshikia simu. Mama mwenye firimbi alibebwa na kiti chake. Hakuwa na pumzi ya kupuliza, akampa nyanya yangu firimbi, akapuliza yeye.

"Asiyeandika tunachukua sufuria!" mmoja akapaza sauti.

"Mimi siku hizi napikia gesi, mtabeba na mtungi?"

"Tutaubeba! Tulibeba silanga nzima, mtungi ni nini?"

Hakuna aliyekuwa na bando isipokuwa mimi, nikawasha hotspoti wakajiunga wote. Wajukuu wakafungua akaunti, mmoja baada ya mwingine. Na kila mama akasema maneno yake kama anavyosema ushuhuda kanisani, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee walipozoea kusimama na kusema jambo lao likaaminiwa. Bwana asifiwe. Bwana asifiwe tena. Mimi ni mama wa fulani. Nilichimba ile silanga nikiwa na mimba ya kifungua mimba wangu, na Mungu ni shahidi. Wengine waliobaki wakijibu "Amina!" na wajukuu, sijui kwa nini, wakiandika hata ile amina. Tulikunywa chai. Mama mmoja aliniuliza, "Sasa tumemaliza?" nikamwambia tumemaliza. Niliamini hivyo. Moyo wangu ulikuwa umejaa mpaka nikashindwa kula mkate.

Kesho yake akaunti zote zilikuwa zimefungiwa, na yangu ndani yake. Msimamizi alieleza kwa upole uleule. Hapa hatuhesabu kura, aliandika, tunapima vyanzo. Akaunti hizi zimefunguliwa alasiri moja, kupitia laini moja, na zote zinasema jambo moja. Kwa hiyo zinachukuliwa kuwa ni mtu mmoja anayejifanya wengi.

Chini yake rafiki yangu alikuwa ameandika maneno matatu: Nakubaliana na uamuzi.

Hayo ndiyo yaliyonikata. Msimamizi hakutujua. Lakini huyu alijua wale mama wapo. Aliwapiga picha alipokuja kwetu. Nilimpigia, akapokea haraka kama aliyekuwa akisubiri.

"Ungesema tu kwamba ni watu wa kweli," nikamwambia.

"Ningesema, ingekuwaje? Ningeonekana mimi pia ni wako. Siz, nimejenga jina langu pale miaka mingi."

"Na wao walijenga nini?"

"Usiniweke hivyo, bana. Nitakutafutia lugha ya kati. Utaipenda."

Nikamweleza nyanya kwamba tumefungiwa, kwamba wameonekana ni mtu mmoja.

"Mtu mmoja," alisema. "Aje aone lile shimo."

Lugha ya kati ilikuja. Bwawa lilijengwa na kanisa na wafadhili. Wanawake wa eneo hilo walisaidia kubeba udongo. Msimamizi akafunga mjadala, akatushukuru wote kwa ukomavu. Naijua hiyo shukrani. Nimewahi kuitoa mwenyewe kwa watu nisiowajua, nikidhani nimewapa amani, halafu nikafunga kibanda nikiimba.

Nilimsomea nyanya kwa sababu aliniuliza. Alikuwa anachambua ndengu.

"Walisaidia," alirudia. "Tulisaidia nani?"

Nikaisoma tena ile sentensi.

"Nakuuliza wewe uliyesoma. Mtu akisaidia, kuna mwenye kazi. Nani alikuwa hapo akichimba, sisi tukamsaidia? Nitajie nimkumbuke."

"Wamesema kanisa, Susu."

"Kanisa ni sisi!" Akazimwaga ndengu zote kwenye ungo, nzuri na mbaya, akaingia ndani.

Mama mwenye firimbi alikufa mvua za kwanza zilipoanza. Hakuna aliyemsomea sentensi mpya, nyanya alikataza. Kwenye mazishi tuligawiwa kile kijitabu chenye picha yake na historia yake, na humo ndani, kwa herufi za mashine, ilikuwa imeandikwa kwamba marehemu aliongoza wanawake wenzake kuchimba silanga ya kijiji. Kaburi lilikuwa bado linafunikwa mimi nikiwa nimeshika hicho kijitabu, nalia na kufurahi, kwa sababu kilikuwa kimechapishwa. Kilikuwa na kurasa.

Wakati huo akaunti yangu ilikuwa imefunguliwa. Nikakipeleka ukurasa wa majadiliano. Nilijibiwa siku hiyohiyo: pole sana kwa msiba, lakini kijitabu cha mazishi huandikwa na familia, hivyo si chanzo huru. Rafiki yangu hakuandika chochote. Alinitumia tu ujumbe wa rambirambi kwenye simu, na mwisho wake kiuso kinacholia. Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu, na mimi si mtu wa kukaa na kinyongo, waulize watu wa sokoni.

"Kwa hiyo hata tukifa," nyanya alisema.

"Hata mkifa, Susu."

Siku hizi siitwi tena kuamua, na nikiitwa siendi. Bado nachaji simu. Bado nina ndoto ya kuandika vitabu, na ndiyo maana nimekaa na jambo hili, nikawaza kwamba kama kitu kinatakiwa kichapwe ndipo kiaminike, basi nitakichapa. Nikamwambia nyanya naandika habari ya silanga, kila mama kwa jina lake na la baba yake, ili siku moja mtu apate pa kuweka ile namba ndogo.

Alifurahi. Tukaanza. Alitaja wa kwanza, wa pili, akafika kwa mmoja aliyeolewa kutoka upande wa Mbooni ambaye alichimba msimu mzima kisha akahama, na jina lake likamkataa. Akajaribu asubuhi ile yote. Akaenda kuwauliza wenzake. Nao walikumbuka sauti yake, walikumbuka alivyocheka, jina hapana. Na baada yake wakakumbuka kwamba kulikuwa na wengine.

Alirudi amechoka.

"Futa majina," aliniambia.

"Susu, bila majina hawatakubali. Wataniambia ni hadithi."

"Futa. Nikiwatia hawa nikawaacha wale, hao walioachwa watakuja kuchukua sufuria yangu, na watakuwa na haki."

Nilibisha naye mpaka chai ikapoa. Nilimwambia hii ndiyo nafasi iliyobaki. Alinisikiliza, kisha akachukua mtungi wake wa maji, akaniomba nimtwike, akaanza kuteremka kwenda silangani. Nikafuta. Ukurasa kule bado unasema walisaidia.