Nane Hazikuwamo Katika Karata

Ndugu zangu wa baraza, leo hesabu yangu imewanyima chakula watoto wa dada yangu.

Nayabandika haya hapa ukutani ili msiyasikie kwanza kwa wengine.

Shemeji yangu Haji alitoka kwenye foleni na mgao wa mchele wa wiki nzima, akaketi kucheza poka na Bwana Makame. Kila mmoja akauweka mchele wake dau.

Haji alishika nne, tano, sita na saba. Alihitaji karata moja tu ili zifuatane tano.

Akanigeukia mimi niliyeketi kando: "Ewe mwenye hesabu, niendelee?"

Nikamjibu, tena kwa fahari: "Naam. Ikija tatu au nane, umeshinda. Tatu ziko nne, nane ziko nne. Nafasi nane hizo!"

Akavuta. Ikaja mbili.

Makame akauvuta mchele wote kwake, akacheka. "Shekhe, nane zipi? Pakiti hii si ndiyo yetu ya kila siku? Nane, tisa na kumi tushazitoa zamani!"

Nami huichezea pakiti hiyo hiyo kila alasiri.

Nikafuatana na Haji hadi nyumbani kwake; dada alikuwa amekwisha kuteleka maji.

"Mchele u wapi?"

Haji akaninyooshea kidole. "Muulize kaka yako."

Dada aliyamwaga maji, watoto wakimtazama.

Baadaye nimempelekea mgao wangu mimi. Hakufungua mlango.

Basi nauliza kwa unyenyekevu: nani kati yenu atampelekea mchele huu, aseme ni wake?