Bata Namba Saba na Namba Kumi na Tisa

Bata kumi na mmoja wa Sikuzani walikufa ndani ya juma moja, na kabla hajamfukia wa mwisho alikuwa ameshaamua nani kawaua.

Sikuzani, mjane wa mvuvi, alifuga bata weupe nyuma ya nyumba yake huko Minago, kijiji cha Burundi kando ya Ziwa Tanganyika. Waliokufa walianza kutikisa vichwa, shingo zikapinda, kisha wakalala chali wakipiga miguu kama wanaogelea. Jirani yake Kezia, aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania, alikamua mawese, na maji machafu ya kazi hiyo yalipita kwenye mfereji ulio kando ya banda la bata. Walikuwa wamegombania mfereji huo siku chache kabla. Basi Sikuzani akasimama bombani, mbele ya wanawake wote, akasema, "Kezia ametia sumu."

Mwezi uliofuata akaja Wenceslaus, fundi wa maabara kutoka Bujumbura, na sindano zake na sanduku la barafu.

"Amahoro, Mama Aliya," alisema, akimsalimu kwa Kirundi na kumwita kwa jina la binti yake. "Tunatengeneza kipimo cha ugonjwa unaoua bata. Bata akiugua akapona, damu yake inabaki na kingamwili, kama askari wanaomjua adui. Tunatafuta njia ya kuwaona hao askari. Naomba damu kidogo ya bata waliobaki."

"Mukishaipata, mutakuja kuwachoma wote?"

"Hapana, mama."

"Hata wale wa kuku walisema vile."

Miaka mitatu nyuma watu walikuja kupima kuku wa kijiji. Kesho yake kuku wakachomwa moto, na hakuna aliyeelezwa sababu. Sikuzani akakubali kwa sharti moja: atawakamata bata mwenyewe, mmoja mmoja, na kumletea barazani.

Wenceslaus alitoa damu kwenye mshipa wa bawa, akaandika namba kwenye kichupa, akafunga utepe wenye namba hiyo mguuni. Namba saba aliporudi bandani, Sikuzani alimvua utepe. Baadaye akamleta tena, akitanguliza bawa la pili, lisilochomwa sindano. Akawa namba kumi na tisa. Wenceslaus hakugundua.

Baada ya wiki mbili alirudi na karatasi. "Namba saba aliwahi kuugua. Namba kumi na tisa, hapana."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

"Huyo iko bata mumoja. Nilikuletea mara mbili."

Sikuzani alingoja afoke. Wenceslaus aliketi, akapekua daftari lake. Damu, alieleza, huwekwa kwenye vishimo vya sahani ya plastiki. Kishimo cha aliyewahi kuugua hugeuka manjano. "Saba ilikuwa katikati. Kumi na tisa ilikuwa pembeni kabisa. Labda vya pembeni vilikauka mapema."

"Labda," alisema Sikuzani.

Alipokuja tena, alikuwa amerudia kazi yote, safari hii sahani ikiwa imefunikwa vizuri. Vishimo viwili vya bata yule vilikuwa na manjano ileile. "Kosa lilikuwa letu. Murakoze, asante sana. Kila nikija, unifichie tena bata mmoja kwa namba mbili, na usiniambie ni yupi."

Sikuzani hakucheka. "Na sumu? Inaweza kuleta manjano hiyo?"

"Hapana. Hii ni alama ya bakteria. Uliingiza bata wageni kabla ya vifo?"

Alikuwa amenunua watatu Bugarama. Hawakuugua hata siku moja kwake, lakini wote watatu walikuwa na alama ile.

"Inaonekana hao ndio walikuja nao ugonjwa," alisema Wenceslaus.

Asubuhi Sikuzani alimkuta Kezia akikoroga mawese. "Nimekuja kukuomba musamaha. Bata walikufa na ugonjwa, si wewe."

Kezia hakuacha kukoroga. "Ulisema bombani."

Kwa hiyo kesho yake Sikuzani alisema yaleyale bombani, wanawake wakiwa wamesimama na madumu yao. Kezia alimgeukia.

"Na leo unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu," alijibu Sikuzani, na akaona wazi kwamba hakuaminiwa.