Sura Niliyojifunza na Maimuna

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa miaka ya themanini, hapa Takaungu, nami ningali mama kijana. Binti yangu Maimuna alirudi kutoka madrasa mtandio umelowa machozi. Ustadhi wake alikuwa amemwondoa miongoni mwa watoto watakaosoma siku ya Maulidi, kwa sababu ana kigugumizi.

“Ataaibika bure,” aliniambia nilipomwendea.

“Niachie mimi, Ustadhi. Atasoma.”

Nikarudi nyumbani na hasira zangu. Nikamkalisha Maimuna mkekani, nikataka sura aliyopangiwa aishike nzima jioni ile ile. Kila alipokwama nilimkemea, na kila nilipomkemea alizidi kukwama. Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, alikuwa akipepeta mchele. Akaweka ungo chini.

“Mama Maimuna, hiyo sura wewe waijua?”

Sikuijua. Nilizijua zile fupi za kuswalia tu.

“Basi kaa na mwenzio mjifunze. Na sauti punguza, mtoto si kiziwi.”

Tukaanza upya, aya moja moja. Maimuna alinisomea, nami nikamfuata huku nakuna nazi. Nikikosea alinirekebisha, akicheka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba akivuta sauti polepole, kwa mahadhi, ulimi haumshiki. Tukaishika njia hiyo. Ziko siku tulichoka, ziko siku hatukusonga hata neno, lakini hatukulala bila kurudia ya jana.

Maulidi yalipokaribia nikampeleka tena kwa Ustadhi; akamsikiliza, akamrudisha kundini. Siku yenyewe ilipofika, Maimuna alikwama neno la kwanza kabisa. Upande wa wanawake nikasikia minong’ono. Lile neno lilinijia mdomoni, nikalizuia kwa nguvu. Akavuta pumzi, akaanza tena taratibu, akaenda nayo mpaka mwisho. “Mashallah!” Ustadhi akasema, kwa sauti ya watu wote kusikia. Kigugumizi anacho hadi leo akizungumza, na wanawe amewahifadhisha Qurani yeye mwenyewe.

Mwanangu, ukitaka mtoto ahifadhi, usimwache peke yake. Jifunze naye, kidogo kidogo, kila siku, hata kama umechoka. Akikwama mpe nafasi, usimpokonye neno. Na akitokea wa kukwambia mtoto wako hawezi, usibishane naye. Kazi yako iko nyumbani. Mola akupe subira, ayatie maneno yake vifuani mwa wanao, na akuweke uhai uwasikie wakiyasoma. Amin.