Sahani ya Ghalani

Harufu ya mlenda mkavu sokoni imenisimamisha.

Siku ile, nikiwa mtoto, askari walikuja kumtafuta baba; mmoja, wa kike, aliketi nami jikoni, tukachambua mlenda pamoja. Hakuniuliza baba yuko wapi. Alinisifia tu vidole vyangu vyepesi.

"Mlenda wote huu, mwanangu, mnakula wangapi?"

Nilipenda kuhesabu. "Bibi, mama na mimi. Sahani ya baba naipeleka ghalani, nyuma ya magunia ya mtama."

Mikono yake ikasimama. "Ahsante, mwanangu," alisema kwa upole, akainuka.

Nje, mama alikuwa bado anamwapia askari mwingine kwamba baba yuko Kondoa. Kisha mlango wa ghala ukalia, na sauti ya mama ikakatika.